Lebo za Mama Omega

Dukani kwetu Mlabani sheria ilikuwa moja, na niliitunga mimi: namba ya picha haibadilishwi. Kamera ikisema 4417, basi ni 4417 kwenye kompyuta, 4417 kwenye kikaratasi anachoondoka nacho mteja, na 4417 siku anaporudi kuchukua picha yake. Nilishaona maduka ya wenzetu yanavyoandika majina. Mteja anakuja, wanafungua kompyuta, wanakuta "Harusi", "Harusi mpya", "Harusi mpya kabisa" na "Harusi ya kweli". Upuuzi huo mimi sikuutaka.

Mama Omega hakubishana nami. Mke wangu alibishana nami mara chache sana, kwa sababu aliona ni rahisi zaidi kunizunguka. Kompyuta yetu ilitumia Linux. Fundi Joachim ndiye aliyetuwekea, baada ya flashi za wateja kutujazia virusi mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Joachim huyohuyo akamfundisha mke wangu kwamba kwenye mfumo ule faili linaweza kuwekewa maelezo pembeni, nje ya jina lake na nje ya picha yenyewe. Jina linabaki namba, picha haiguswi, lakini faili linakuwa na lebo isiyoonekana, ambayo ukiiita kwa amri yake inakuja.

Basi kila siku, wateja wakipungua, alikaa kwenye kompyuta akaandika. Alikuwa na daftari la shule lenye amri zake, na ya kwanza kabisa ilikuwa hii:

setfattr -n user.maelezo -v "Mzee Hermenegildi na mjukuu wake, siku ya kipaimara. Viatu vya kuazima." 4417.jpg

Nilimuuliza hayo ya viatu yanamhusu nini mteja. Akasema hayamhusu mteja, yanamhusu aliyepiga. Nikamwambia anapoteza muda na umeme. Mimi nilikuwa mtu wa printa na lamineshi. Kamera na kompyuta vilikuwa vyake. Sikuandika hata lebo moja.

Niseme na hili la majina. Tangu binti yetu Omega azaliwe, miaka ishirini na sita sasa, sikumwita mke wangu kwa jina lake, wala yeye hakuniita Kelestini. Ndivyo tulivyokuta kwa wazazi wetu: mkishapata mtoto, majina yenu mnayaweka kabatini. Yeye akawa Mama Omega, mimi nikawa Baba Omega. Jina lake nililisikia tena siku ya mazishi, padri akilisoma, na kwa muda mfupi nilidhani tumekuja kwenye kaburi la mtu mwingine.

Alifariki mwaka jana, mwezi wa tano, kwa presha. Alikuwa anaanika nguo. Asubuhi ile alikuwa amenitania kuhusu kofia yangu, akasema nikiivaa tena atanipiga picha ya paspoti nayo wanikatalie huko mbele ya safari. Ilipofika saa nne hayupo. Tangu hapo nimekuwa kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichokuja kuchukua.

Kompyuta ile sikuweza kuitazama. Kiti kilikuwa na mto alioushona mwenyewe, na herufi za kibodi zilifutika pale vidole vyake vilipozoea. Nikanunua kompyuta mpakato yenye Linux vilevile na diski ya nje, nikahamisha picha zote mwenyewe, bila kumwita Joachim, kwa kuwa sikutaka mtu anione nikiwa katika hali ile. Ilichukua siku mbili. Nilipomaliza nilihesabu: picha elfu thelathini na nane na kitu, haikupungua hata moja. Nikajisifu. Kompyuta nikamuuzia Shilinde wa Michenga, aliyekuwa anatafuta ya kuwaingizia watu nyimbo kwenye simu.

Mwaka ukazunguka. Wiki moja kabla ya misa ya kumbukumbu, Omega alinipigia simu kutoka Songea, anakofanya kazi ya uuguzi.

"Baba, shikamoo. Nakuja Ijumaa. Naomba picha ya mama ya kuweka mbele kanisani."

"Marahaba. Ya kitambulisho ipo, nitaikuza."

"Ile hapana, baba. Pale mama anaonekana kama mtu aliyekamatwa."

Nikacheka, maana ni kweli. Yeye hakucheka.

"Baba," akasema, "mimi nimeanza kuisahau sura yake. Nikifumba macho naona kilemba chake tu. Chini ya kilemba hamna mtu."

Na mimi yalikuwa yameanza kunipata yaleyale, na nilikuwa nimeyaficha.

Mfinyanzi hulia gaeni. Mke wangu alipiga picha nusu ya watu wa Ifakara, wa ubatizo, wa ndoa, wa leseni na wa msiba, na yeye hakuwa na picha. Albamu ya harusi yetu tuliipoteza kwenye mafuriko ya mto Lumemo; tulipoifungua, kurasa zilikuwa zimegandana na sura zimekuwa matope ya rangi. Ukimwelekezea simu alikinga mkono usoni na kusema mpiga picha hapigwi. Picha za mkono ule Omega anazo sita.

Lakini katika picha elfu thelathini na nane haiwezekani asiwemo hata mara moja. Lazima siku moja mtu alishika kamera yake. Swali ni ipi, na namba haisemi ni ipi. Hapo ndipo nilipozikumbuka lebo. Nikatoa daftari lake kwenye mtungi usiotiwa maji, maana ndimo alimolitunza lisilowe, nikachomeka diski, nikaandika amri ya kusoma maelezo kama alivyoiandika yeye, herufi kwa herufi. Halikurudi neno. Nikajaribu picha ya Mzee Hermenegildi, ambayo niliijua kwa macho yangu kuwa ina lebo. Picha ikafunguka, mzee yule, mjukuu yule, viatu vile. Lebo hamna.

Nikamwita Joachim. Alikuja, akaketi, akaandika mambo yake, kisha akatoa mikono kwenye kibodi.

"Mzee, hizi picha ulizihamishaje?"

"Nilizikopi. Nikazihesabu. Zimetimia."

"Picha zimetimia. Maelezo hayakuja." Akatafuta namna ya kunieleza bila kuniudhi, nikamwona anavyotafuta. "Unajua kule mashineni, gunia la mpunga linafungwa kijikaratasi shingoni chenye jina la mwenyewe. Sasa ukimwaga mpunga kwenye gunia lingine, mpunga wote unafika. Kijikaratasi kinabaki kwenye gunia la kwanza. Yale maelezo hayakuwa ndani ya picha, mzee. Yalikuwa yamefungwa shingoni, na ule mfumo wa kompyuta ya zamani ndio uliokuwa umeyashika. Hii diski imefomatiwa kwa namna ya kuelewana na kila kompyuta, na namna hiyo haina pa kuyaweka."

"Na haikuniambia?"

"Haisemi. Inakopi tu."

Mdharau mwiba mguu huota tende. Miaka yote nilimwambia anapoteza muda, kisha nikahama na punje zote nikamwacha yeye nyuma. Nilikasirika, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumkasirikia, nilimuuliza Joachim kwa ukali kama kompyuta ya Shilinde bado ina yale maelezo.

"Kama hajafomati, yapo. Ila mtu wa nyimbo, mzee, kitu cha kwanza anachotafuta ni nafasi."

Alinipa diski nyingine, aliyoifomati palepale kwa namna ya Linux, na kwenye daftari la mke wangu, chini ya mwandiko wake, akaniandikia amri ya kukopi: cp -a. Akasema hiyo herufi ya nyuma ndiyo inayobeba na vya shingoni. Nikamwuliza kama kila kitu duniani kinategemea herufi moja. Akasema kwenye Linux, karibu kila kitu.

Kesho yake asubuhi nilichukua bodaboda hadi Michenga. Ilikuwa wakati wa mavuno, barabara imejaa matrekta madogo na magunia, na watu wakinisalimia nilikuwa naitikia bila kuwaona. Njia nzima nilikuwa nikihesabu miezi tangu nimuuzie Shilinde kompyuta ile. Ilikuwa miezi tisa, na miezi tisa ina nyimbo nyingi.

Shilinde ni mrefu, mpole, wazazi wake walitoka Shinyanga na ng'ombe yeye akiwa mtoto wa mgongoni. Kibanda chake cha nyimbo kiko ubavuni mwa nyumba, na sola juu ya bati. Aliniamkia, akanipa kiti, mkewe Sikitu akaniletea maji. Sikuweza kusubiri adabu zitimie.

"Shilinde, zile picha. Ulizifuta?"

Akamtazama mkewe kwanza.

"Nimefuta baba, nisikudanganye. Nilifuta picha za mwaka wa kwanza na za mwaka wa pili. Nilikuwa naufuta wa tatu, huyu akanikataza."

"Nilimkuta anafuta," Sikitu akasema, "nikachungulia nikaona ni sura za watu. Nikamwambia mtu hafuti watu bila kuwauliza wenyewe. Na mbele kidogo tukamkuta mama yake mzazi. Mama alishafariki, baba. Hatukuwa na picha yake."

Miaka miwili ilikuwa imeondoka, ila saba ilikuwepo. Nilishukuru kwa sauti, sijui nilimshukuru nani, Sikitu au Mungu, wote wawili walikuwa karibu.

Wakaniwashia. Kibodi ilikuwa ileile, na herufi zilezile zilizofutika. Nilifungua lile dirisha jeusi la amri, nikaweka daftari magotini. Nilitaka kwanza kuhakikisha kwamba lebo zipo, nikamwomba Shilinde tumtafute mama yake. Nikaandika kwa vidole viwili:

getfattr -R -n user.maelezo picha | grep -B1 "Shilinde"

Tukasubiri. Kisha ikaja namba ya picha, na chini yake mwandiko, yaani si mwandiko, lakini kwangu ulikuwa mwandiko wake kabisa: "Mama yake Shilinde wa Michenga na ndama. Ndama kakataa kusimama, mama kasema basi na yeye atakaa." Tukaifungua picha. Mama mmoja amekaa chini kwenye nyasi na kanga yake nzuri, bega kwa bega na ndama aliyelala. Shilinde aliisoma ile lebo mara mbili, midomo ikitembea. "Alisema hivyohivyo," akasema. "Nilikuwepo. Wabeja, baba." Ndiyo asante ya Kisukuma. Akatoka nje kidogo.

Zamu yangu. Niliandika jina la ubatizo la mke wangu. Halikuja kitu. Nikaandika "Mama Omega". Hamna. Nikajaribu "mimi", nikapata mistari mitatu, yote mitatu ni maneno ya wateja: "Anasema mimi si mnene, ni kamera." Nikaandika jina la ukoo wake, nikaandika "mpiga picha", nikaandika "mke wa Kelestini". Hamna, hamna, hamna. Kwa namna fulani lilikuwa jambo baya kuliko kutokuta lebo kabisa. Lebo zilikuwepo zote, za miaka saba, za dunia nzima, mpaka ndama alikuwa na yake, na yeye hakuwemo.

Niliweka mikono magotini juu ya daftari. Nilimtamani mke wangu wakati ule kwa namna ambayo sikuwa nimejiruhusu tangu tumzike. Sikutamani picha. Nilimtamani yeye, aje aniambie ninavyokosea amri, kwa ile sauti yake ya kuvuta subira.

Sikitu alikuwa amesimama mlangoni na beseni la mchele, anapepeta.

"Baba, samahani," akasema. "Mtu anayeandika hajitaji. Mimi nikisimulia ya nyumbani kwangu simtaji Sikitu, namtaja huyu bwana. Yeye alikuwa anakuitaje?"

Nilimtafuta yeye mahali pote, wala haikunijia kujitafuta mimi. Kwa nini ningejitafuta? Mimi nilikuwa mtu wa printa. Nikaandika "Baba Omega".

Kioo kilijaa. Mistari ilipanda juu, ikaendelea kupanda, nikadhani nimeharibu kitu. Ilipotulia nikaanza kusoma tangu mwanzo.

"Baba Omega na printa. Wamegombana."

"Baba Omega anamfunga mteja tai. Tai ni yake mwenyewe, hataki ijulikane."

"Baba Omega kasinzia. Nimefunga duka mapema, nikamwambia umeme umekatika."

"Baba Omega baada ya mafuriko, anakausha albamu ya harusi na feni. Sikumwambia kwamba imeshaharibika."

Zilikuwa mia mbili na kumi na moja. Sikujua. Nilifanya kazi miaka yote ile nikiwa nimempa mgongo, nikiamini kwamba kamera ikilia nyuma yangu ni kazi ya mteja. Nilizifungua moja baada ya nyingine, nikaona kisogo changu, mabega yangu, kofia yangu ile. Sikujiona mzuri hata kwenye moja, lakini niliona jinsi nilivyotazamwa, na nikalia mbele ya watu wa Michenga bila kujificha.

Picha niliyoitafuta ilikuwa karibu na mwisho. Lebo yake ilisema: "Baba Omega anafuta kioo cha wateja. Kaniona. Kasema nifute."

Kioo hicho bado kiko dukani, kile chenye kitana kilichofungwa kwa kamba, wateja wanapojiweka sawa kabla ya kupigwa. Nilikikumbuka kile kisa palepale. Nilikuwa nimepandisha mikono na gazeti lililoloa, nikainua macho nikamwona ndani ya kioo, nyuma yangu, na kamera. Nikamwambia aache kumaliza betri, aifute. Akasema, "Nimefuta."

Nikaifungua. Mimi nimeziba upande wa kushoto, mgongo na mkono. Upande wa kulia, ndani ya kioo, pale nilipokwisha kufuta, yuko yeye. Kamera ameishusha hadi kifuani, kwa sababu nilimshtukiza, na anacheka kwa kuwa amekamatwa. Uso mzima. Kilemba cha njano, na chini ya kilemba mtu.

Nilikopi kila kitu kwenye diski ya Joachim kwa ile amri yenye herufi yake, na kabla ya kuinuka nikahakikisha kule kwenye diski kwamba lebo zimekuja. Zilikuja. Shilinde alikataa kuniachia niende bila kuku. Nilimwambia asifute tena mtu, akasema kibanda kimeshakuwa cha watu, nyimbo atazitafutia pengine.

Omega alifika Ijumaa. Nilimwonyesha picha kwenye kompyuta, na alikaa nayo muda mrefu, akigusa kioo kwa kidole pale palipokuwa na shavu. Kisha akasema kwa ajili ya misa itabidi anikate mimi, abaki mama peke yake. Nikamwambia anikate, ila afanye kwenye nakala. Jumamosi mke wangu alikuwa mbele ya kanisa, kwenye fremu, anacheka, na watu waliomzoea nyuma ya kamera walisogea karibu kumtazama. Mama mmoja mzee aliniambia, "Kumbe alikuwa na mwanya." Alikuwa nao. Nilikuwa nimeusahau.

Mchana, wageni walipokwisha kula na kuondoka, Omega aliomba kuona lebo ile kwa macho yake. Tukaketi dukani, yeye kwenye kiti chenye mto wa mama yake, nikamwandikia amri ikaja. Akaisoma. "Kasema nifute," akarudia, akanitazama.

"Nilikuwa mkali bila sababu," nikasema.

"Alikujua, baba."

Joachim alikuwa ameniambia kwamba faili moja linaweza kubeba lebo zaidi ya moja, mradi kila moja uipe jina lake; ya kwanza haiguswi. Ya mke wangu sikutaka kuigusa. Nikafungua daftari kwenye amri yake ya kwanza, ile ya Mzee Hermenegildi, na kwa mara ya kwanza nikaandika yangu, polepole, Omega akinitajia mahali herufi zilipo. Nilipomaliza tukaziita zote mbili:

user.jina="Aurelia"
user.maelezo="Baba Omega anafuta kioo cha wateja. Kaniona. Kasema nifute."

Omega akasema hajawahi kunisikia nikimwita hivyo. Nikamwambia hata mwenyewe hakunisikia, tangu wewe uzaliwe. Kisha nikalisema, kwa sauti ya kawaida ya kumwita mtu aliyeko chumba cha pili, na sote wawili, kwa mazoea tu, tukasubiri aitikie.